Antena za Nje kwa Simu na Intaneti: Maswali ya Wasomaji wa Mkoa wa Tanga

Barua za safari hii zimetoka karibu zote mkoa mmoja. Tanga ina pwani yenye minazi, mji uliobanana, tambarare za Handeni na mabonde ya Usambara, na kila sehemu huuharibu mtandao kwa namna yake. Tumejibu kwa vipimo, kwa sababu fedha nyingi za wasomaji wetu zimeishia kwenye antena ambazo hazikuwa dawa ya tatizo walilokuwa nalo.

Swali: Nyumba yangu iko Ushongo, wilaya ya Pangani, imeezekwa bati. Ruta ya 4G ikiwa sebuleni inaonyesha baa moja. Nikiitoa uani zinakuwa tatu. Dukani nimeonyeshwa antena bapa ya kubandika dirishani, urefu kama sentimita 20, imeandikwa 35 dBi. Ninunue?

Usiinunue. dBi hueleza antena huongeza mawimbi kwa kiasi gani upande inaotazama, na namba hiyo haiwezekani kwa kitu cha ukubwa huo. Ili antena ifikishe 35 dBi kwenye masafa ya megahezi 1800, lazima liwe dishi lenye upana wa karibu mita 4. Antena ya fimbo inayopokea pande zote huwa na 3 hadi 5 dBi. Ya bapa ya kufunga nje, yenye ukubwa wa karatasi ya A4, huwa na 8 hadi 10. Ile yenye vijiti vinavyopungua urefu kuelekea mbele, ambayo wengi huiita logi, huwa na 9 hadi 11. Yagi, ile ndefu yenye vijiti kama ya televisheni, ikiwa ya mita moja hadi moja na nusu hufika 12 hadi 14. Ukiona zaidi ya hapo kwenye kifaa kidogo, achana nacho.

Na baa zisikuongoze. Kila mtengenezaji hupanga baa zake apendavyo. Kipimo cha kweli ni dBm. Kwenye simu nyingi za Android fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Kwenye ruta, fungua ukurasa wake kwa kivinjari, mara nyingi 192.168.8.1, 192.168.0.1 au 192.168.1.1, utafute neno RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya 4G kwa dBm. Namba huwa hasi, na iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo bora. Hasi 80 ni nzuri sana, hasi 95 inatosha kwa kazi zote za nyumbani, hasi 105 inaanza kusuasua, hasi 115 hukatikakatika, na ikipita hasi 120 huna mtandao wa kutegemea. Simu ikikupa ASU peke yake, ambayo ni namba nyingine ya nguvu ileile, kwa 4G toa 140 utapata dBm: ASU 40 ni hasi 100.

Kwa maelezo yako mwenyewe, adui ni bati. Bati na kuta humeza kwa urahisi desibeli 10 au zaidi, na kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu yote. Hivyo antena ya kubandika dirishani, hata ingekuwa ya kweli, ingebaki nyuma ya ukuta uleule. Unachohitaji ni antena ya kawaida iliyo juu ya paa, inayotazama mnara.

Kabla ya kununua chochote, pima kimo. Funga simu kwenye mwanzi mrefu, washa programu ya kurekodi nguvu ya mtandao, isimamishe mita 2, mita 4, kisha mita 6 juu ya ardhi, dakika tano kila mahali. Kwenye ardhi tambarare, kuongeza kimo mara mbili kunaweza kuleta hadi desibeli 6, na huo ni ushindi kuliko kubadili antena ya 8 dBi kwa ya 12. Kama minazi imesimama kati yako na mnara, pima tena siku ya mvua: makuti yaliyolowa humeza mawimbi kuliko makavu, na kipimo cha kiangazi kitakudanganya ifikapo masika.

Swali: Nimefunga antena mbili za logi, 11 dBi kila moja, juu ya mlingoti wa mita 9 hapa Muheza. Zimekuja na waya mweusi mwembamba, unene kama milimita 3, mita 15 kila mmoja. Ruta sasa inaonyesha hasi 104. Kwa antena zake ndogo, ikiwa ndani, ilikuwa hasi 103! Fundi anasema ninunue antena kubwa zaidi.

Antena zako hazina kosa. Kosa ni waya, na antena kubwa zaidi itakula fedha bila kugusa tatizo.

Waya wa unene huo kwa kawaida ni RG-174. Soma maandishi yaliyopigwa ubavuni. Kwenye megahezi 1800 hupoteza zaidi kidogo ya desibeli 1.3 kila mita, kwa hiyo mita 15 ni desibeli 20. Antena imekusanya 11, kimo na kutoka nje ya kuta vimeongeza pengine 10, waya umekula 20. Umerudi pale pale.

Linganisha nyaya nyingine kwa mita 15 hizohizo na masafa hayohayo. RG-58, unene wa milimita 5, hupoteza kama desibeli 11. LMR-200, unene uleule, hupoteza 7. LMR-400, unene wa milimita 10, hupoteza chini ya 3. Kwenye megahezi 800 hasara zote hushuka hadi karibu theluthi mbili ya hizo, na kwenye 2600 hupanda.

Kuna waya mmoja ambao mafundi huudharau bila sababu: RG-6, ule wa king'amuzi. Mita 15 hupoteza kama desibeli 4.5. Watakuambia haufai kwa kuwa ni wa omu 75 na ruta ni ya omu 50. Kweli, haulingani, lakini hasara ya kutolingana huko ni desibeli 0.2 tu. Kwa bei yake na upatikanaji wake hapo Muheza, RG-6 mzuri ni bora kuliko RG-58 kwa kazi hii. Utahitaji viunganishi vya kugeuza kutoka F, aina ya king'amuzi, kwenda SMA, aina ya ruta, na hapo usichague cha bei ya chini kabisa.

Angalia pia aina ya kiunganishi. Antena za 4G kwa kawaida hutumia SMA, za Wi-Fi hutumia RP-SMA. Vinafanana kwa nje na nyuzi zake hukubaliana, lakini ukivichanganya unaweza kufunga tundu kwa tundu, shaba ya kati isiguse kitu. Ruta itaonyesha namba mbaya na utalaumu mnara. Tazama ndani: upande mmoja lazima uwe na pini, wa pili tundu.

Dawa tunayoipendekeza kuliko zote ni kupandisha ruta yenyewe. Waya wa antena uwe mita 1 tu, kisha ruta ishushe intaneti kwa kebo ya mtandao ya Cat5e, ambayo hufika mita 100 bila kupoteza chochote cha maana. Weka ruta kwenye kisanduku cha plastiki cha umeme, si cha chuma, rangi nyeupe, kivuli cha paa kikiifikia saa za mchana. Toboa matundu mawili chini ya kisanduku, yasiwe juu, na uyazibe kwa wavu mdogo wa mbu. Umeme wa volti 12 unaweza kupita kwenye jozi mbili zilizobaki za kebo hiyohiyo, kwa ruta ambayo tundu lake la mtandao ni la kasi ya megabiti 100. Kebo ya shaba halisi ya mita 20, ruta ikivuta ampea 1, hupoteza kama volti 1.7, na ruta itapata volti 10.3. Nyingi huvumilia, nyingine hujizima na kujiwasha zikianza kutuma kwa nguvu. Ikitokea hivyo, tumia umeme wa volti 24 kutoka chini na kifaa cha kushusha hadi 12 kule juu. Jihadhari na kebo ya alumini iliyopakwa shaba. Ikwangue kwa kisu: ikionekana nyeupe ndani, hasara ya umeme itakuwa zaidi ya mara moja na nusu ya hiyo.

Jambo la mwisho kwako. Umefunga antena mbili, vizuri, maana 4G hupokea njia mbili kwa wakati mmoja. Lakini zisikae zote wima. Moja iiname digrii 45 kushoto na nyingine digrii 45 kulia, zote zikitazama upande mmoja, zikiachana angalau nusu mita. Zikilala sawa, ruta hushindwa kutenganisha njia hizo, na kasi hupungua ingawa dBm inaonekana nzuri.

Swali: Tuko bondeni upande wa Mlalo, Lushoto. Mnara uko nyuma ya mlima, hatuuoni kabisa. Kuna antena yoyote itakayosaidia?

Inategemea mmezama kiasi gani chini ya ukingo. Mlima hauzuii mawimbi yote. Sehemu yake hujipinda juu ya ukingo na kushuka. Pale ambapo mstari kutoka kwenye antena hadi mnarani unagusa kilele tu, hasara ni desibeli 6. Kadiri mnavyokuwa chini na karibu na mguu wa mlima, hasara huongezeka haraka, na masafa ya juu huumia zaidi. Kwa hiyo jaribuni haya kwa utaratibu huu.

Kwanza, kwenye ruta zuieni bendi (makundi ya masafa) za juu, mbaki na bendi 20 au 28, yaani megahezi 800 na 700, kama mtandao wenu unazo. Hizo ndizo hujipinda vizuri. Pili, sogeeni mbali na mguu wa mlima unaowakinga. Antena iliyo upande wa pili wa bonde mara nyingi hupata zaidi kuliko iliyo karibu na mnara kwa kilomita. Tatu, geuzeni antena mgongo. Mteremko ulio mkabala nanyi, ule unaouona mnara na kuwaona nyinyi pia, unaweza kurudisha mawimbi yenye nguvu kuliko yanayovuka kilele. Kwa sababu hiyo msielekeze antena kwa kukisia wala kwa ramani peke yake. Zungusheni digrii 15 kila mara, subirini dakika moja, andikeni RSRP, SINR (usafi wa mawimbi dhidi ya kelele) na namba ya seli, yaani sehemu ya mnara iliyowashika, hadi mkamilishe vituo 24 vya duara zima.

Yote yakishindikana, hakuna dBi itakayowaokoa, na msikubali kuuziwa. Njia iliyobaki ni kuweka ruta juu ya kilima kwenye shamba la jirani anayeuona mnara, kisha kushusha intaneti kwa jozi ya vifaa vya Wi-Fi vya nje vya gigahezi 5 vinavyotazamana. Ruta na kifaa kimoja cha Wi-Fi huvuta wati 12 kwa pamoja, yaani wati-saa 288 kwa siku. Kwa ukungu wa Usambara chukueni paneli ya wati 150 na betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100. Mkiitumia hadi nusu tu, itavuka siku mbili za mawingu. Familia nne au tano zikichangia, gharama hubebeka.

Swali: Niko Mtae, ukingoni kabisa, natazama tambarare yote chini. Simu inaonyesha baa nne, lakini nikipiga haitoki au inakata. Inakuwaje?

Kwa kawaida mambo mawili hutokea mahali palipo juu na wazi kama hapo. Mtandao wa 2G una mpaka wa umbali: mnara hupanga zamu za simu kwa kupima muda wa mawimbi kusafiri, na kipimo chake cha kawaida huishia kilomita 35. Ukiwa kilomita 40, unausikia vizuri kwa sababu hakuna kizuizi, lakini mnara wenyewe hauipokei simu yako. Pili, kutoka juu unasikia minara mingi kwa wakati mmoja, na yote inakorogana. Shuka hatua chache nyuma ya ukingo, upande wa kijiji, ili mlima ukukinge na minara ya mbali, au chagua 4G kwenye mipangilio. Kwa ruta, antena yenye mwelekeo mwembamba inayotazama mnara wa karibu hutibu tatizo hili kabisa.

Swali: Ninaishi Ngamiani, Tanga mjini. Ruta ina hasi 74, baa zimejaa, lakini jioni hata video haifunguki. Niweke antena nje?

Bado. Nguvu unayo tele. Tazama namba ya pili, SINR, inayoonyesha mawimbi yako yamezidi kelele kwa kiasi gani. Juu ya 20 ni safi, 13 hadi 20 ni nzuri, chini ya 5 ni shida, chini ya sifuri ni balaa.

Kisha pima kasi mara mbili, saa kumi alfajiri na saa tatu usiku, ruta ikiwa pale pale. Ikiwa SINR ni 18 nyakati zote na alfajiri kasi ni nzuri, mnara umeelemewa na watu. Antena haiongezi nafasi mnarani. Itakusaidia tu ikikuhamishia kwenye mnara mwingine au bendi nyingine yenye watu wachache, hata kama dBm itashuka: hasi 92 kwenye seli tulivu inashinda hasi 74 kwenye seli iliyojaa. Anza bila gharama kwa kufunga ruta kwenye bendi moja baada ya nyingine na kupima saa ileile ya tatu usiku.

Ikiwa SINR ni 3 au 4 hata alfajiri, minara inagombana ndani ya nyumba yako. Hapo antena yenye mwelekeo inafaa, kwa kazi ya kukuziba masikio upande usioutaka. Na mara nyingi kuta zenyewe hufanya kazi hiyo: hamishia ruta kwenye chumba cha upande wa mnara unaoutaka, nyumba nzima ya matofali ibaki mgongoni mwake.

Swali: Mama yetu mzee yuko kijijini Handeni, anatumia simu ya kawaida ya vitufe. Ndani ya nyumba hakuna mtandao, nje upo kidogo. Tumeambiwa tununue busta, yaani kifaa cha umeme cha kukuza mawimbi, au tuunganishe antena mbili kwa waya, moja nje na moja ndani. Ipi bora?

Antena mbili bila kifaa cha umeme kati yake hukatisha tamaa, na hesabu inaonyesha kwa nini. Chukua nje hasi 90. Antena ya nje inaongeza 14, waya unakula 3, antena ya ndani inaongeza 5. Lakini mawimbi yakiruka mita moja tu kutoka kwenye antena ya ndani hadi kwenye simu, kwenye megahezi 1800 hupoteza zaidi ya desibeli 37. Simu itapata hasi 111. Njia hiyo hufaa pale tu nje kuna nguvu kubwa sana na ndani pamezibwa kabisa.

Busta hufanya kazi, lakini vile vya bei nafuu ni hatari kwa majirani zenu. Busta hutuma pia kuelekea mnarani. Likikosa kujidhibiti, au antena yake ya ndani ikisikiwa na ya nje, hupiga kelele mfululizo na kuziba mnara kwa kijiji kizima. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, vifaa hivi vinahitaji kuidhinishwa na TCRA. Msinunue kisicho na idhini.

Kwa mama, mnunulieni simu ya mezani inayotumia laini, ile yenye mkono wa kushika na antena ya kufungua nyuma. Tundu lake mara nyingi ni SMA. Fungueni antena hiyo, mfunge Yagi ya megahezi 900 nje kwenye bomba la mita 6, waya wa RG-6 usiozidi mita 10. Sauti ya 2G kijijini mara nyingi hupita kwenye 900, lakini hakikisheni kwa programu kabla ya kununua, maana Yagi ya 900 ni kiziwi kwenye 1800. Simu hizo huwa na betri ndani, kwa hiyo umeme ukikatika bado anaongea. Vitufe ni vikubwa, mlio ni mkubwa, na hana haja ya kutoka usiku kutafuta mtandao.

Swali: Nina dishi la sentimita 90 la king'amuzi lililokaa tu, hapa Korogwe. Naweza kuligeuza antena ya intaneti?

Unaweza, ikiwa mtandao wako uko kwenye megahezi 1800 au zaidi. Kwenye 1800 dishi hilo hutoa kama 21 dBi. Kwenye 800 hushuka hadi chini ya 15, kwa sababu wimbi lina urefu wa sentimita 37 na dishi ni dogo mno kwake. Hapo nunua logi na usihangaike.

Ondoa LNB, kile kichwa cha kupokea kilicho mbele ya dishi, mahali pake ufunge antena ya miraba miwili utakayoitengeneza mwenyewe. Kata waya wa shaba wa 2.5 mm², urefu wa sentimita 34, uvue plastiki yote. Ukunje upate miraba miwili iliyokaribiana kwa kona katikati, kila upande milimita 42. Hiyo ni robo ya wimbi kwenye megahezi 1795, katikati ya bendi 3, kati ya masafa ya kutuma na ya kupokea. Ncha mbili za waya zikutane katikati. Pale katikati kuna kona mbili zinazotazamana bila kugusana: moja ilehemu kwenye shaba ya kati ya waya wa antena, nyingine kwenye wavu wake. Zikigusana, umetengeneza shoti na ruta haitaona kitu.

Nyuma ya miraba weka bamba la shaba nyeupe au bati lisilopakwa rangi, sentimita 16 kwa 20, umbali wa milimita 20 kutoka kwenye waya. Pima umbali huo kwenye kona zote nne, maana waya ukiinama upande mmoja, mwelekeo unapinda. Alumini haishiki risasi ya kawaida, ndiyo sababu hatuipendekezi kwa bamba. Miraba itazame dishi, bamba liwe upande wa nje, na miraba ikae pale ulipokuwa mdomo wa LNB.

Wengi hukwama kwenye kulielekeza. Dishi la aina hii halioni kule uso wake unakotazama: huona digrii 22 hadi 25 juu zaidi. Likisimama wima, linatazama mawingu. Ili lione mnara ulio usawa wa upeo wa macho, uso wake lazima uiname mbele kuelekea chini kwa digrii hizohizo, na vishikio vingi haviruhusu, kwa kuwa vimetengenezwa kutazama satelaiti juu. Ama chomelea kishikio kipya, ama ligeuze dishi kichwa chini, mkono wa LNB uwe juu, na uso ulale nyuma digrii hizohizo. Mwonzi wake una upana wa digrii 13 tu, kwa hiyo zungusha digrii 3 kila mara, si 15. Na kumbuka hiyo ni njia moja. Ruta yenye matundu mawili ifunge kwenye tundu kuu, la pili liachie antena yake ya asili.

Swali: Nyumba iko Kigombe, ufukweni. Antena ya kwanza ilidumu mwaka mmoja, boliti zimekula kutu na waya umejaa maji. Na tunaogopa radi. Tufungeje ya pili?

Tumia boliti za stenlesi, na shaba isiguse alumini moja kwa moja. Chumvi ikiingia kati, alumini huliwa. Kila kiunganishi kilicho nje kifunge kwa utepe wa mpira unaojigandia, ukiuvuta hadi urefu wake uwe karibu mara mbili, ukianzia chini kwenda juu ili kila mzunguko ufunike ulio chini yake. Juu yake zungusha utepe mweusi wa umeme kuukinga na jua. Grisi isiingie ndani ya kiunganishi. Kabla waya haujaingia ukutani, uache ushuke chini ya tundu kisha upande, maji yadondoke pale chini badala ya kuufuata waya hadi kwenye ruta. Waya ulioingia maji usiukaushe. Wavu wake umeshaoza, utupe.

Mlingoti uwe bomba la chuma la zinki, inchi moja na nusu, mita 6, likizama sentimita 60 kwenye zege. Kamba za waya tatu, zikigawana duara sawa, zifungwe ardhini kwenye umbali wa mita 3.5 hivi kutoka shinani, maana kusi haina huruma na bomba lililo peke yake. Antena isifungwe kwenye mnazi: unayumba, na 4G haipendi mwelekeo unaohama. Kutoka nyaya za TANESCO kaa mbali zaidi ya mara moja na nusu ya urefu wa mlingoti, hata kama fundi anaona uvivu kuchimba upya. Bomba likianguka kwenye waya wa umeme linaua.

Kwa radi, pigilia fimbo ya shaba ya angalau mita 1.2 chini ya mlingoti, uiunge na bomba kwa waya wa shaba wa 16 mm², njia fupi na iliyonyooka. Pale waya wa antena unapoingia nyumbani weka kinga ya radi ya kichupa cha gesi, nayo iungwe kwenye fimbo hiyohiyo, si fimbo nyingine. Hata hivyo, ngurumo zikikaribia, chomoa waya wa antena na wa umeme. Hakuna kinga inayohimili radi ikipiga moja kwa moja.

Swali: Tuko Mkinga, jirani na Horohoro. Ruta na simu zinahamia mtandao wa Kenya na bando linaisha au hela inakatwa. Antena itazuia?

Zima kwanza kuzurura kwa data (data roaming) kwenye mipangilio, kisha acha kuchagua mtandao kiotomatiki, uchague wako kwa mkono. Namba ya mtandao ikianza na 640 uko Tanzania, ikianza na 639 uko Kenya. Baada ya hapo funga logi au Yagi, mgongo wake uelekee mpakani: upande wa nyuma hupokea pungufu kwa desibeli 15 hadi 20. Antena ya fimbo ya pande zote msiiguse huko, maana itawaletea minara ya ng'ambo kwa nguvu zaidi. Na kila ruta inaporudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, uchaguzi wa kiotomatiki hurudi, kwa hiyo ukague upya kabla ya kuweka bando.